Nilimfelisha Mkunga kwa Sababu Alitetemeka

Mama Mshauri, shikamoo. Sijawahi kumwandikia mtu gazetini, na hata sasa naandika kalamu ikitaka kuchana karatasi kwa hasira, lakini naomba msaada wako kwa sababu Jumatatu natakiwa kusaini maelezo ambayo nikiyasaini nabaki na kazi, na nisipoyasaini sijui nitaamkia wapi, na ninaogopa kwamba nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitampiga mtu.

Mimi ni mtahini wa udereva, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nina mume na watoto watatu wakubwa, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mwanamke pekee kati ya watahini saba wa yadi yetu, na jina wanaloniita ni Chuma, jina ambalo kila nikilisikia nilikuwa nakaa wima kama nimevishwa nishani. Kazi yenyewe ni hii: mtu analetwa na mwalimu wake, naingia naye garini, anarudi nyuma kati ya koni nne bila kugusa hata moja, anapanda kilima chetu cha saruji, anasimama katikati, anaondoka tena bila gari kurudi, kisha tunatoka barabarani dakika ishirini, na mimi naweka vema au kosa kwenye fomu, na chini kabisa kuna mistari miwili ya maoni ya mtahini, na hiyo mistari miwili, mama, ndiyo iliyoniponza.

Siku yangu ya kwanza Mkuu wa yadi alinisimamisha mbele ya wenzangu wote akasema, "Huyu mama tumeletewa, lakini mnajua moyo wa mwanamke, kila atakayelia atapita." Walicheka, nami nikacheka nao, ila moyoni niliapa kwamba hakuna mtu atakayelia kwenye gari langu akapata leseni, na kiapo hicho sikukiona kigumu kwa sababu nimelelewa na baba aliyekuwa akituambia sisi wasichana kwamba machozi tuyalambe wenyewe, wakati kaka yangu alipofeli mtihani akavunja kiti cha sebuleni baba alisema tu kwamba mtoto ana damu ya moto, na kiti kikapelekwa kwa seremala.

Sasa mwaka huu alikuja mama mmoja mkunga, anafanya kazi kwenye zahanati ndogo mbali na mji, na zahanati hiyo ina gari la kubebea wajawazito ila dereva wao alistaafu, ikaamuliwa mkunga ajifunze kuendesha. Aliingia garini akasogeza kiti, akaangalia vioo vyote vitatu, akafunga mkanda, akashika usukani, na mikono ikawa inatetemeka kama ana homa, lakini mama, naapa, aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, akapaki kati ya koni mara moja tu, kwenye kilima gari halikurudi hata upana wa kidole, barabarani akampisha bibi aliyekuwa akivuka mpaka bibi akampungia mkono. Tuliporudi yadini akazima gari, akashusha pumzi, na machozi yakamtoka. Nikamuuliza, "Unalia nini?" Akasema, "Sijui mama, ni pumzi tu zimeshuka." Nikaandika, Hajiamini, nikamfelisha.

Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, hakukosea kitu, mikono ikatetemeka, nikamwambia kabla hajasema neno, "Leseni haitolewi kwa huruma." Akanitazama akasema, "Siombi huruma, mama. Naomba uniambie nimekosea wapi." Nikaangalia fomu, vema tupu kuanzia juu hadi chini, mori ukanipanda, nikamwambia, "Umekosea kuniuliza," nikaandika Hajiamini tena.

Mara ya tatu nitakueleza kama ilivyo kwa sababu nimechoka kuificha. Alikuwa katikati ya kilima, ameshika breki, anatafuta klachi taratibu kama alivyofundishwa, nami nikamwinamia nikapiga kelele sikioni, "Kanyaga!" Akashtuka, gari likazima, likarudi nyuma nusu mita, na nilifurahi, mama. Nilifurahi kabisa, kwa sababu hatimaye nilikuwa na kosa la kuandika.

Saa hiyohiyo, mkunga akiwa bado amesimama getini anafuta uso, aliingia garini kwangu bwana mmoja wa miaka thelathini hivi, miwani myeusi, kiwiko dirishani, mkanda hakufunga mpaka nilipomkumbusha, usukani kwa mkono mmoja, akaniambia, "Mama, mimi nimezaliwa nimeshika usukani." Alipokuwa anarudi nyuma hakugeuza shingo wala kuangalia kioo, akaigusa koni ikaanguka, na kwa sheria zetu koni ikiguswa mtu amefeli, hakuna mjadala, lakini yeye akasema, "Hiyo koni imelewa hiyo," nami nikaangua kicheko. Nilikuwa nimetoka kumshinda mkunga, moyo wangu mweupe, yule bwana ananitania kama wanaume wanavyotaniana wao kwa wao, nikajisikia mmoja wao. Nikaweka vema. Chini nikaandika, Anajiamini sana.

Siku ishirini na sita baadaye bwana huyo alikuwa akirudisha nyuma gari la duka la magodoro, hakuangalia, akambana fundi viatu mmoja ukutani kwenye kona yake ya kazi, mguu ukavunjika mara mbili. Wachunguzi wa ajali wakaja yadini kuchukua fomu ya mtihani wake.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, wiki hiyohiyo ikaingia barua ya malalamiko ya mkunga, ameandika tarehe zote tatu, ameandika maneno yangu yote kama nilivyoyasema, na ameandika kwamba kati ya mtihani wa pili na wa tatu alimsindikiza mjamzito kwa miguu, mama wa watu amekalishwa kwenye mkokoteni wa maji, huku gari la zahanati limesimama uani na mafuta ndani, na mtoto akazaliwa njiani, akaishi, na mama yake akaishi, "lakini hilo," ameandika, "silihesabu kwenye wema wa mtahini." Niliposoma mstari huo nilimchukia, mama, sitakuficha, nilimchukia kama amenitukania wazazi.

Mkuu akaniita ofisini, akaniambia nifunge mlango, akanimiminia chai ambayo hajawahi kunimiminia miaka yote hiyo, akaniambia kwa sauti ya upole, "Nimekuandikia maelezo, usaini tu. Tunasema siku ile ulikuwa na matatizo yenu ya kike, kwa umri wako huu watu wataelewa, hasira zilipanda, yule mkunga akakuvuruga, ukakosa umakini kwa mtu aliyefuata. Tunakuhamishia dirisha la fomu, mshahara wako uleule, yanakwisha."

Nikamwambia, "Mkuu, mimi sikuwa na tatizo lolote la kike."

Akasema, "Si lazima uwe nalo. Ndivyo mlivyoumbwa."

Nikamuuliza wale wasichana wawili waliomaliza mafunzo ya utahini, ambao walikuwa waanze mwezi ujao, watakuwaje. Akasema baada ya haya nao itabidi wakae usajili, yadi haiwezi kubahatisha tena. Hapo nikasimama, nikapaza sauti, nikamwambia maneno ambayo gazeti haliwezi kuchapa, naye akaegemea kiti chake akatabasamu, akasema, "Unaona? Ndiyo hiyo ninayosema." Na huyu, mama, ni mtu ambaye amewahi kuchana fomu ya mtahiniwa mbele ya uso wake, anapiga meza mpaka vikombe vinaruka, mwaka jana alimrushia mlinzi funguo zikampasua mdomo, na yadi nzima inasema Mkuu ni mkali wa kazi. Yeye ni mkali wa kazi, mimi ni matatizo ya kike!

Nilitoka nikaenda kabati la mafaili, nikafungua fomu zangu za mwaka mmoja tu, nikatafuta watu niliowafelisha kwa neno Hajiamini bila kosa lolote juu yake. Nilikuta arobaini na mmoja. Thelathini na wanane ni wanawake. Nikachungulia fomu za wenzangu, wale wanaume ninaowalaani kila siku, na hakuna hata mmoja aliyenifikia.

Mume wangu anasema nisaini tuendelee na maisha. Nikisaini, nimekubali kwamba mwanamke hawezi kupima mtu kwa sababu ya mwili wake, na wale wasichana wawili nimewafungia mlango kwa mkono wangu. Nikisema ukweli, kazi imekwenda, na Mkuu anabaki kitini pake anakunywa chai. Na yule mkunga kwa nini hakuja kuniambia mimi mwenyewe kabla hajaandika? Nina hasira na kila mtu. Nisaini au nisisaini?

Ni mimi, Chuma.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Jina hilo la Chuma nimelisoma mara moja na sitalitumia, kwa sababu nadhani ndilo lililokufikisha hapa.

Barua yako haikuweza kungoja zamu ya gazeti. Nilikupigia simu siku nilipoipata, tukagombana, ukanikatia, ukanipigia tena. Niliyokwambia nayaandika hapa kama nilivyoyasema, maana naona mafaili ya namna hiyo yamejaa kwenye makabati mengi.

Kwanza, usisaini. Hilo halihitaji hata kikombe cha chai. Yale maelezo ni uongo, na ni uongo unaomfaa mtu mmoja tu, aliyeketi upande ule wa meza. Mkuu huyo alikutia woga siku ya kwanza mbele ya watu, akavuna woga huo miaka kumi na mmoja, sasa anataka umshukuru kwa kukuzika vizuri. Nimekasirika hapa nilipo. Mtu anayempasua mlinzi mdomo kwa funguo hana haki ya kumfundisha yeyote habari za hasira.

Lakini usifurahi mapema, sijamaliza, na yaliyobaki ni yako.

Barua yako ina kurasa nne. Mkuu amepata ukurasa mzima. Mkunga amepata zaidi ya ukurasa. Fundi viatu, aliyevunjwa mguu na mtu uliyempa leseni ukiwa unacheka, amepata mistari miwili. Hukuniambia kama amelazwa au yuko nyumbani. Hukuniambia kama umekwenda kumwona. Umeniuliza usaini au usisaini, basi. Nilisoma mara tatu nikitafuta mahali utakapouliza habari za mguu wa mtu huyo, sikupaona.

Halafu unamuuliza mkunga kwa nini hakuja kwako kwanza. Alikuja! Alikuuliza amekosea wapi, ukamwambia amekosea kukuuliza. Ulitaka aje mara ngapi?

Unaniambia uliapa usiongozwe na moyo. Hebu tazama ulichofanya siku ile. Ulimpigia mtu kelele kwa chuki, ukafurahi kwa ushindi, ukacheka kwa kutaka kupendwa na wanaume, ukaweka vema kwenye koni iliyoanguka mbele ya macho yako. Moyo wako uliendesha gari asubuhi nzima, wewe ukiwa umekaa pembeni unaangalia machozi ya mwenzio. Kwa sababu chozi la mkunga lilionekana, uliliita udhaifu. Kicheko chako nani alikiandikia maoni?

Baba yako alikosea. Mkuu wako amekosea na anaendelea kukosea. Mimi siwatetei. Ila kalamu ilikuwa mkononi mwako, na ndani ya gari mlikuwa wawili tu. Walikufundisha kuwaona wanawake kama wao wanavyowaona, ukafaulu kuwapita walimu wako. Thelathini na wanane, mdogo wangu! Ungekuwa mwanaume ningekwisha kukutukana mstari wa kwanza, na sioni kwa nini nikupunguzie.

Sasa fanya hivi. Andika maelezo yako mwenyewe kwa mkono wako. Andika kwamba koni iliguswa, uliiona, ukaweka vema. Andika kwamba mkunga hakukosea mara mbili za kwanza, na mara ya tatu ulimkosesha wewe. Andika alichokwambia Mkuu ofisini, neno kwa neno, lakini kiweke mwisho, baada ya makosa yako, kisije kikawa blanketi la kujifunikia. Ambatisha zile fomu arobaini na moja ili waliofelishwa waitwe tena bure. Peleka nakala kwa wachunguzi wa ajali kabla hujampa Mkuu yake, kwa sababu ukianza na Mkuu karatasi hiyo itaishia droo. Na kabla ya yote hayo, leo hiihii, nenda kwa fundi viatu. Usiende kulia mbele yake ili yeye ndiye akubembeleze. Machozi yakija yaje, lakini sema kwanza uliyokwenda kusema.

Ulinijibu, "Mama, watanifukuza." Nikakwambia inawezekana. Hapo ndipo uliponikatia simu.

Wasomaji, dada huyu ameniruhusu niseme yaliyofuata, na sitayapaka rangi.

Alikwenda kwa fundi viatu mchana uleule. Alimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vya wateja vimepangwa kando ya kitanda. Alimweleza yote akiwa amesimama. Fundi akamwambia, "Kaa, unaniziba mwanga." Kisha akamuuliza swali moja tu, "Ile koni ilipoanguka, ulicheka?" Akajibu, "Nilicheka." Mgeni akaanza kuinuka. Ndipo fundi akamwonyesha viatu kwa kidole, akasema jozi nane zilikuwa zimekwisha kushonwa kabla ya ajali na wenyewe wanadhani amewatorokea, kama anataka kufanya jambo la maana azipeleke. Alizunguka nazo siku mbili, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango alitakiwa kueleza kwa nini viatu vimechelewa. Aliniambia mlango wa tano ndipo alipoacha kuanza hadithi na Mkuu, akaanza na koni.

Jumatatu hakusaini. Alipeleka maelezo yake mwenyewe, na nakala kwa wachunguzi. Mkuu alipiga kelele mpaka watahiniwa waliokuwa kwenye koni wakasimamisha magari. Sasa mambo yalivyokwenda: dada huyu amevuliwa utahini kwa mwaka mzima, anapokea nusu mshahara, na hajui kama atarudishwa. Mkuu amehojiwa mara mbili, bado yuko kitini pake. Wale wasichana wawili wameanza kazi, kwa sababu baada ya maelezo yale kufika juu hakuna aliyethubutu kuwaweka usajili. Wanawake thelathini na wanane na wanaume watatu wameitwa upya.

Mkunga alitahiniwa na watu wa yadi nyingine, akafaulu. Dada yetu alimngoja getini amwombe radhi. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, leseni mkononi, akamwambia, "Pole yako sina pa kuiweka. Nilihitaji hii mara ya kwanza," akaenda zake. Dada yetu alinipigia simu akiwa amevimba kwa hasira, akaniuliza kama kweli mtu anaombwa radhi halafu anajibu vile. Nikamwambia ndiyo, anajibu vile, na kazi yako ni kumeza. Hasira hiyo bado anayo. Mimi pia bado ninayo, na wala sitaki atulizwe haraka. Akiitumia vizuri itamfikisha mbali zaidi ya pale kiapo chake kilipomfikisha.

Na wewe unayesoma, unayefanya usaili, unayesahihisha mitihani, unayekaa kikao cha ukoo kuamua nani apewe na nani anyimwe, usijifanye barua hii si yako. Ukijikuta unaandika juu ya mwanamke kwamba hajiamini, ana jazba, ni mwepesi wa kulia, weka kalamu chini. Andika kwanza alichokosea, kosa kwa jina lake na mahali lilipotokea. Kama huna cha kuandika, mpe karatasi yake aende, watu wanamngoja.